Ualimu wa msingi: aende Korogwe serikalini, chuo binafsi hapa Tanga mjini, au kidato cha tano kwanza?

Mkazi wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne, anataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi ndiye ninayemsomesha. Tunayumba kati ya njia tatu. Kuna Chuo cha Ualimu Korogwe, cha serikali, tuombe halafu tusubiri majina. Kuna chuo binafsi hapa mjini, hawa wameshampa barua ya kujiunga na wanataka nusu ya ada kabla ya Ijumaa. Ya tatu ni aende kidato cha tano, atafute digrii baadaye. Hela ninayo ya njia moja tu. Ipi bora?

Kange Stendi
Umeleta uzi nusu. Divisheni ngapi? Pointi ngapi? Amesoma sayansi au sanaa? Ada yao shilingi ngapi?

Bint Ngamiani
Korogwe. Serikali ni serikali. Nitarudi.

Mwl wa Pongwe
Nipo kazini, shule ya msingi, nikujibu kwa ninavyoona.

Cheti, yaani daraja A, ni miaka miwili chuoni, na ukiajiriwa unaanzia TGTS B, hiyo ni ngazi ya mshahara wa walimu serikalini. Stashahada unaanzia C, digrii D. Hapo ndipo mshahara unapopishana, maana darasani hakuna mtoto anayejua mwalimu wake ni B au D. Ila sera ya sasa inasukuma walimu waanzie stashahada, kwa hiyo kabla hujalipa popote soma tangazo la Wizara la mwaka huu, uone kozi ipi imefunguliwa na kwa nani. Usitumie tangazo la mwaka juzi ulilotumiwa kwenye grupu la ukoo.

Njia wanayopita wengi wetu ni kuingia kazini kwanza, kujiendeleza baadaye. Mimi nilianza na daraja A, stashahada nikaifuata nikiwa kazini, sasa nasoma digrii Chuo Kikuu Huria, kituo kipo hapa hapa Tanga. Kwenda kidato cha tano si vibaya, lakini anahitaji krediti tatu za tahasusi, yaani masomo ya mchepuo wake, na digrii nyingi za ualimu zinampeleka mtu sekondari. Kama kweli anapenda watoto wadogo, huko ni kuzunguka.

Mkazi wa Makorora
Ahsante sana mwalimu. Amesoma sanaa. Ada ya hao wa binafsi ni zaidi ya milioni kwa mwaka, bado hostel na michango.

Kange Stendi
Divisheni mkuu.

Mzee wa Duga
Vijana mnahangaika na divisheni. Sisi wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tulitoka darasa la saba, tukafundishwa huku tunafundisha, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Na waliosoma kwetu leo ni mameneja.

Kijana wa Raskazone
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, na leo tunalia watoto wanafika darasa la nne hawajui kusoma. Mmesahau vodafasta? Mtu katoka kidato cha sita, mwezi mmoja wa mafunzo, kapewa chaki.

Mzee wa Duga
Marahaba. Vodafasta walipelekwa sekondari, usituchanganye. Na sisi tulikuwa na wakaguzi. Mkaguzi anaingia bila hodi, anakaa dawati la nyuma, anaomba andalio la somo. Huna, unaandikiwa.

Kijana wa Raskazone
Andalio la somo hata leo lipo, mzee. Darasa la watoto mia na zaidi ndilo hamkuwa nalo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 ukisimama mbele huoni mwisho wa chumba.

Mama Pili
Jamani turudi kwa mwenye uzi. Nimesoma hii habari ya barua ya kujiunga na nusu ya ada Ijumaa, mwili umenisisimka, ngoja niseme.

Mtoto wa dada yangu alichukuliwa na chuo binafsi, si cha Tanga, sitakitaja. Matokeo yake yalikuwa divisheni ya nne. Tukauliza, mbona masharti yanasema mwisho ya tatu? Wakasema mama usijali, huyu tunampitisha kozi ya awali miezi michache, halafu anaungana na wenzake. Tukalipa. Binti akasoma kweli, hata ukimkuta nyumbani likizo yupo sakafuni na vizibo vya soda na vijiti, anatengeneza zana za kuhesabia, kasha la maziwa kalikata kafanya saa ya ukutani. BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, akafanya, kasimama darasa la pili wiki zote, mwalimu mkuu akamsifu. Ikaja kusajili mtihani wa Baraza la Mitihani. Wenzake wanapewa namba, yeye na kundi lake hawamo. Ofisini wanaambiwa ni mtandao. Wiki ijayo ni mtandao. Mwisho mhasibu ndiye aliyewaonea huruma akawaambia ukweli: majina yao hayakuwahi kwenda popote, kwa sababu hawana sifa. Ile kozi ya awali haikutambulika. Hela hatujarudishiwa hadi leo, na binti anauza vitenge Handeni.

Kwa hiyo kaka, barua ya kujiunga si sifa. Tuambie divisheni.

Mkazi wa Makorora
Ana ya nne, pointi 26. Sikuandika mwanzo kwa sababu chuo kimesema haina shida, ataanza na kozi ya awali.

Kange Stendi
Ndiyo maana niliuliza tangu jana.

Mwl wa Pongwe
Hapo mambo yamebadilika, na nusu ya niliyokuandikia huko juu haimhusu tena. Divisheni ya tatu inaishia pointi 25. Amekosa kwa pointi moja! Korogwe hawatamchukua. Kidato cha tano tazama krediti zake. Ijumaa usilipe.

Mwangalie masomo saba yaliyohesabiwa. A ni 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Kama kwenye hayo saba kuna F moja, ikipanda kuwa D anafika 25. Kwa D ni alama 30 tu kwa mia.

Bint Ngamiani
Nimerudi. Bado nasema Korogwe.

Mama Pili
Dada, umesoma?

Kijana wa Raskazone
Arisiti, yaani arudie mtihani, Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea, na asajili masomo saba yote ili apate divisheni kamili. Mwaka mmoja si kitu. Huku akisubiri aingie hizi shule za chekechea, asaidie, aone kama anaweza kelele za watoto wa miaka minne.

Kange Stendi
Mwaka si kitu kwako. Mwenzio ana hela ya njia moja. Aende VETA, atoke na ufundi, ajiajiri. Ualimu wenyewe siku hizi hata ukifaulu unakaa foleni, unaomba Sekretarieti ya Ajira, unaitwa usaili, mko maelfu. Zamani ulitoka chuo na barua ya kupangiwa kituo mkononi.

Mwl wa Pongwe
Usaili upo kweli, ila shule binafsi nazo zinaajiri. Na wa msingi wanatakiwa vijijini kila siku. Kilindi huko mwalimu mmoja ana madarasa mawili.

Kange Stendi
Kwenda Kilindi dada wa mjini? Atalia hata kabla ya kushuka kwenye basi.

Mzee wa Duga
Mimi nilipangiwa Kilindi ikiwa bado ni Handeni. Nilikaa, nikaoa huko.

Mkazi wa Makorora
Nimewapigia chuo, nikawauliza ataandikishwa Baraza kwa sifa gani. Wamesema niende ofisini tuongee. Dada mwenyewe hataki kusikia habari ya kurisiti, anasema hesabu haziwezi. Nitawaambia.

Mama Pili
Usiende na hela mfukoni.

Abuu Mikanjuni
Samahani kuingilia. Mimi nina ya tatu, pointi 24, ya mwaka 2017. Bado naruhusiwa kuomba?

Kange Stendi
Fungua uzi wako. Na uweke matokeo yote.