Kometi ya mwezi huu: ni ya alfajiri au ya jioni? Niko Goma

mama_wa_himbi, 10 Oktoba 2024

Jambo ndugu zangu. Hii nyota yenye mkia inayozunguka kwenye WhatsApp, Tsuchinshan-ATLAS, mtu wa Goma aitafute saa ngapi? Shemeji yangu wa Lubumbashi aliiona alfajiri, mwishoni mwa mwezi wa tisa. Jirani anasema ni ya jioni. Picha karibu zote zina saa za Ulaya na Marekani. Kwa hali ya sasa siwezi kutoka usiku kwenda kutafuta giza upande wa Sake, lakini nyumbani Himbi nina baraza ya ghorofani inayotazama magharibi. Watoto wameshaandaa daftari za kuchora, sitaki kuwaamsha saa kumi za usiku bure. Na zikija nyingine, nitajuaje mwenyewe siku na upande?

mwalimu_ibanda, 10 Oktoba

Mama, shemeji na jirani wote wanasema kweli. Tarehe 27 Septemba kometi ilifika karibu kabisa na jua, na sisi tuliiona mashariki kabla ya kupambazuka. Sasa inapita kati yetu na jua, imemezwa na mwanga, kwa hiyo acha watoto walale. Tarehe 12 itakuwa karibu nasi kuliko siku zote, kama kilomita milioni 71, na kuanzia hapo ni ya jioni, magharibi. Baraza yako ina bahati. Mimi huku Bukavu milima inanifungia upande huo.

Kuhusu kujua mwenyewe: ingia JPL Horizons, tovuti ya NASA inayokokotoa mahali pa sayari na kometi, haina malipo. Andika C/2023 A3, jina rasmi la kometi hii, kisha mahali pako: digrii 1.68 kusini, 29.22 mashariki. Saa zitakuja kwa UT, yaani saa za kimataifa, ongeza mbili upate za Goma. Katika jedwali tazama mambo mawili tu: upande (270 ni magharibi kamili) na kimo juu ya upeo. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama digrii 10, kwa hiyo hata mtoto anaweza kupima. Mega zikiwa chache, Stellarium, programu ya ramani ya anga, ikishapakuliwa na kometi ikishaongezwa inafanya kazi bila intaneti.

Jambo ambalo kurasa za Ulaya hazikuambii: sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu linazama wimawima, digrii 1 kila dakika 4. Nusu saa baada ya jua kuzama, giza limeshaingia vya kutosha kwa kometi inayong'aa. Nayo inashuka wima vilevile, haikimbii pembeni. Ikiwa digrii 25 juu ya upeo jua linapozama, una saa moja na dakika 40 kabla haijatua. Kwa hiyo usiogope mtu akiandika kwamba kometi "iko chini sana". Kwake yeye huenda ni kweli.

Kama una darubini, usiielekeze huko hadi jua lizame lote. Hilo wasimamie watoto wewe mwenyewe.

mtoto_wa_katuba, 11 Oktoba

Nathibitisha ya alfajiri. Huku Lubumbashi upeo ni tambarare, shida yetu ni moshi wa nyasi zinazochomwa. Niliiona saa kumi na moja kasoro robo, kichwa kidogo chenye mwanga na mkia ukisimama juu yake. Simu ikiegemezwa ukutani, hali ya usiku, sekunde chache, mkia unatoka. Na waambie watoto kwamba jina ATLAS hapa limetokana na darubini iliyoko Afrika Kusini. Ndiyo iliyoiona Februari 2023, baada ya kituo cha Tsuchinshan cha China kuiona Januari. Hilo linanifurahisha mno.

mwalimu_ibanda, 11 Oktoba

Alama rahisi: Zuhura, ile nyota kali ya jioni. Tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu, kometi itakuwa karibu kimo kimoja nayo, ngumi mbili kulia kwake.

mama_wa_himbi, 15 Oktoba

Tumeiona! Juzi yalikuwa mawingu matupu. Leo mvua imekatika alasiri, na mdogo ndiye aliyeionyesha kwanza, kwa ngumi zake mbili kutoka Zuhura. Mwanga wake ni hafifu kuliko kwenye picha, lakini mkia upo. Mwezi ulikuwa mkali nyuma yetu. Je, tuendelee au imekwisha?

mwalimu_ibanda, 15 Oktoba

Hongera kwa mdogo! Endeleeni. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 17 na siku hizo utawasumbua. Kuanzia tarehe 20 utachomoza baada ya saa mbili na nusu usiku, mtakuwa na giza safi la mapema jioni. Kometi itakuwa imefifia lakini iko juu zaidi kila siku, na mkia hafifu hupenda giza kuliko kitu kingine. Siku umeme ukikatika mtaani, pandeni ghorofani haraka.

mama_wa_himbi, 15 Oktoba

Aksanti sana, mwalimu. Tarehe 20 tuko barazani.