Naomba ushauri: picha yangu ya kwanza ya viraka, anga linajikunja

Wadau, habari za leo. Nipo Dodoma, kazi yangu ni kushona sare za shule, ila mwezi huu nimejaribu picha ya viraka ya kutundika ukutani. Vilima, udongo mwekundu, mbuyu wa kiangazi usio na jani hata moja. Vyote ni vipande vya vitenge na khanga kuukuu, katikati nimeweka blanketi jembamba.

Nikamwonyesha wifi. "Mbuyu mzuri, ila huo mlima mbona kama unauangukia?" Iliniuma! Nilipoisogeza mbali nikaona kweli: mlima wa nyuma nimeupa kitenge cheusi chenye maua makubwa, wakati vilima vya mbali hufifia vikaelekea bluu. Hapo nitaweka khanga iliyochuja.

Kinachonishinda ni mishono. Nikipitisha cherehani juu ya matabaka yote matatu, anga linajikunja, hasa pale kwenye matawi. Gamstifu, kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi, nimebandika kwenye mbuyu tu. Nibandike na anga? Au nianzie katikati nikielekea pembeni? Na kingo nizinyooshe kabla ya kushona au baada? Semeni ukweli tu, kwa wifi nimeshazoea.