SDL isipunguzwe tena, irudi yote kwenye ufundi

Wadau, kila bajeti ikikaribia waajiri wanalia SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mwajiri hapa Tanzania anailipa kama asilimia ya mishahara yote) ipunguzwe na serikali inapunguza, tulikuwa 6%, mwaka 2013 ikawa 5, ikaja 4.5, ikaja 4, na tangu Julai 2023 tupo 3.5%. Mimi nasema inatosha. Kilio chao nakielewa, ukiwa na mishahara ya milioni 10 kwa mwezi unatoa laki 3 na nusu na fundi aliyepikwa na hiyo hela humuoni, lakini kupunguza siyo dawa.

Shida ipo kwenye mgao. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, tumeianzisha kwa sheria ya 1994 na tozo ikawekwa kwa ajili ya ufundi stadi, ila kwa miaka mingi theluthi moja tu ndo imekuwa inafika VETA, zilizobaki zinaenda Hazina na zimebeba sana mikopo ya vyuo vikuu. Sipingi mikopo, watoto wasome, lakini itafutiwe hela yake.

Ufundi ni gharama jamani. Uchomeleaji haufundishwi kwa chaki, kijana lazima achome, aharibu, arudie, vijiti vinaisha, vyuma vinaisha, bado umeme wa luku. Ada ya VETA ni 60,000 kutwa na 120,000 bweni kwa mwaka na isipande hata kidogo, ikipanda anayebaki nyumbani ni mtoto wa mkulima, sasa vifaa vitanunuliwa na nini kama siyo SDL? Tunajenga vyuo wilayani, safi kabisa, na kila kimoja kitataka malighafi muhula hadi muhula.

Wengine wanasema tuige Kenya, mwajiri analipa NITA (mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani) shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, basi. Rahisi kweli, ila bei za vifaa zikipanda ile 50 ni ile ile. Bora Afrika Kusini, wanatoza 1% na mwajiri akileta mpango na ripoti ya mafunzo anarudishiwa 20% ya alichotoa. Na sisi tumrudishie anayepokea wanagenzi, na hata gereji ya mafundi watatu ambayo hailipi SDL (inaanzia wafanyakazi 10) ipate chochote maana vijana wengi sana wanajifunzia pale pale.

Waajiri mliomo humu, mkihakikishiwa yote inaingia karakana, bado mtadai ipunguzwe?