Nyoka mweusi kwenye banda la kuku, Lexington: nimuue au nimwache?

Mama Neema: Ndugu zangu mlioko Marekani, naomba msaada wa haraka. Tunaishi nje kidogo ya Lexington, Kentucky, tunafuga kuku wachache. Leo asubuhi nimekuta nyoka mweusi tii, mrefu kuliko jembe na mpini wake, amelala kwenye kiota na yai limemvimba kooni. Nilipomsogelea akatikisa mkia kwenye majani makavu, chakachaka! Mume wangu anasema ni koboko. Nina watoto wadogo. Nimuue?

Babu wa Bustani: Usimuue, mwanangu. Koboko hayupo Marekani. Hapo Kentucky nyoka wa sumu ni wa aina nne tu, wote jamaa wa kifutu: wanene, vichwa vipana. Huyo wako ni yule ambaye wenyeji humwita nyoka wa panya. Mtazame ukiwa mbali: kidevu na koo ni vyeupe. Mkiani hana njuga, anachakacha majani ili umwogope. Hana sumu, panya humbana mpaka afe. Tena anapanda mti hadi kwenye viota vya ndege, na ukuta wa matofali pia, magamba ya tumbo yakishika kwenye nyufa.

Bandani kwako kuna mayai, na bila shaka panya wanaofuata pumba. Okota mayai kila jioni, chakula cha kuku kifungie kwenye pipa la bati, kisha zungushia waya wa matundu yasiyozidi nusu inchi. Wavu wa kuku wa kawaida anaupenya. Usimshike kwa mkono: atang'ata, na atakuachia uvundo usiotoka upesi.

Zuhura, Raleigh: Babu kasema kweli, ila niongeze. Watoto wa nyoka huyo si weusi, ni wa kijivu wenye mabaka, na watu huwaua wakidhani ni "copperhead", ambaye ana sumu kweli. Copperhead ana rangi ya shaba, na mabaka yake ni membamba mgongoni, mapana ubavuni. Huku kwetu North Carolina ni wengi mno. Wanangu hawatoki nje jioni bila viatu na tochi. Ukiwa na shaka, rudi nyuma, basi.

Mama Neema: Asanteni sana. Ametoka mwenyewe, ameingia kwenye rundo la kuni. Je, baridi ikija hataingia ndani?

Babu wa Bustani: Anaweza, akipata ufa. Majira ya baridi hutafuta mahali ambapo barafu haifiki: nyufa za miamba, mashina yaliyooza, misingi ya nyumba za zamani. Kabla ya Oktoba zunguka nyumba, ziba pale mabomba yanapoingilia, na rundo la kuni lihamishie mbali na ukuta.

Juma, Winnipeg: Mama Neema, huku Manitoba, Kanada, kuna mahali panaitwa Narcisse. Majira ya kuchipua, nyoka wasiodhuru wenye michirizi hutoka mashimoni kwa maelfu, na watu huja na watoto wao kuwatazama. Mimi nimekwenda na wangu. Mwanzo wa Mei ndio wakati wake.