Kompyuta ya dukani inajizima, bosi kasafiri: nifanyeje?
Wakuu, heshima kwenu. Niko Kariakoo, duka la vitenge la jumla, mimi ndiye karani. Tangu Jumatatu kompyuta inawaka vizuri, inakaa kama dakika 10, halafu inajizima ghafla. Mwanzoni nikausingizia umeme. Nikabadilisha soketi, nikaazima waya kwa jirani, wapi! Asubuhi inadumu kidogo. Mchana, na joto hili la Dar, hata dakika 5 haimalizi. Nimetega sikio, feni siisikii ikizunguka. Kwa akili yangu ni vumbi la vitambaa limeziba ndani, lakini mimi si fundi.

Fundi niliyemwita, hata kuifungua hakuifungua, kasema diski imekufa, nitoe laki na nusu. Sasa kama imekufa, inawakaje?

Kinachoninyima usingizi ni madeni ya wateja. Yote yamo humo, nakala hakuna. Bosi yuko China, simu hapokei. Je, niifungue mwenyewe nipulize vumbi, au kwanza nitumie zile dakika za asubuhi kuhamishia mafaili kwenye flashi? Na likiharibika jambo mikononi mwangu, nitamweleza nini? Naombeni ushauri, hasa mliowahi kukutwa na hili.