Elks wa Edmonton: acheni kumsingizia kwotabeki, tatizo ni safu ya mbele na makocha wapita njia

Wakuu, sina salamu ndefu, nina hasira. Msimu wa 2025 wa CFL, ligi ya futiboli ya Kanada, umekwisha, Edmonton Elks wamemaliza na ushindi 7 na vipigo 11, mchujo wamekaa kuuangalia kwenye runinga kama mimi na wewe. Tangu waitwe Elks mwaka 2021 hawajaingia mchujo hata mara moja. Piga hesabu mwenyewe: 3-11, 4-14, 4-14, 7-11, 7-11. Mechi 86, ushindi 25. Na hii ndiyo klabu yenye Makombe ya Grey 14, yaani ubingwa wa ligi, iliyobeba matano mfululizo kuanzia 1978 mpaka 1982, na iliyowahi kuingia mchujo miaka 34 bila kukosa. Leo ukipanda basi na jezi ya kijani na dhahabu, watu wanakupa pole.

Kinachonikera zaidi ni mashabiki wenzangu. Kila msimu ukiisha, vijiweni habari ni moja tu: kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Cornelius hafai. Bethel-Thompson mzee. Ford hajui kurusha. Fajardo kachoka. Watu wanne tofauti, lawama zile zile, na hakuna anayejiuliza kwa nini kila anayesimama pale anaonekana wa hovyo.

Kwa mlioko nyumbani mnaodhani hii ni NFL, ile ligi ya Marekani, iliyohamia kwenye baridi, hapana. Kanada wanacheza 12 kila upande, uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa 65, na unapewa majaribio matatu ya kupata yadi 10, wakati Marekani wanapewa manne. Jaribio la tatu mara nyingi unaubutua tu mpira uende mbali, kwa hiyo ukweli ni kwamba una mawili. Kwotabeki akiangushwa na mpira mkononi mara moja, umerudi nyuma yadi saba au nane, zamu yako imekufa.

Halafu kuna ile yadi moja. Walinzi lazima wakae yadi nzima kutoka ulipo mpira. Watu huiona kama zawadi kwa wanaoshambulia, na kweli, ukibakiza yadi moja tu unajisukuma unaipata. Ila ukitaka kurusha, hiyo yadi ndiyo njia yao ya kushika kasi. Jitu la kilo 130 linakujia likiwa limeshaanza kukimbia, na wewe wa safu ya mbele, mmoja wa watano wanaomkinga kwotabeki, unarudi kinyumenyume. Hapo nguvu peke yake haikusaidii, unahitaji miguu, mikono, na mwenzako wa kulia awe anajua utafanya nini.

Siku ukienda Commonwealth, uwanja wetu wa nyumbani, acha kufuata mpira kwa muda. Waangalie wale watano wa mbele. Wapinzani wana mtindo wa kupishana: wa ndani anachomoka kwenda nje, wa nje anazunguka mgongoni kwake na kuingia kati. Waliozoeana wanakabidhiana tu, huyu anamwachia mwenzake mtu wake na kubaki akimngoja anayekuja, hata hawaangaliani. Wasiozoeana wanamfuata wote wawili mtu mmoja, katikati kunabaki mlango wazi, na kwotabeki yuko chini kabla wapokeaji hawajamaliza mbio zao. Uwanja mzima unamzomea nani? Yeye!

Ongeza sheria ya wazawa. Kila timu lazima ianze na idadi fulani ya Wakanada, na timu nyingi zinawapanga hapo hapo safu ya mbele, hasa katikati, kwa sababu vyuo vikuu vya huku vinatoa vijana wakubwa wanaoijua kazi hiyo. Lakini walio bora ni wachache na kila timu inawagombania. Akiumia au akiondoka mmoja, huendi kuokota mwingine Texas wiki inayofuata. Unamchukua kijana kwenye drafti, ule mgao wa vijana wapya kwa timu, unamkalisha nyuma ya mkubwa wake msimu mmoja au miwili, ndipo anasimama. Hiyo ni kazi ya kocha anayekaa.

Sasa niambieni, nani kakaa? Kocha mkuu Maas aliondolewa mwisho wa 2019. Akaletwa Milanovich, msimu wa 2020 ukafutwa kwa korona, Januari 2021 akaenda zake NFL bila kusimamia hata mechi moja. Akapewa Elizondo, msimu mmoja, Novemba 2021 akafagiliwa siku moja na meneja mkuu na rais wa klabu. Akarudi Chris Jones. Akafuata Jackson. Sasa yupo Kilam. Kila anayeingia anakuja na watu wake: mtu wa mashambulizi mpya, mbinu ni ile ile lakini imepewa jina jingine, hatua zinahesabiwa upya. Vijana wa safu ya mbele wanaanza darasa la kwanza kila mwaka. Na tangu 2019 ligi imeweka ukomo wa fedha za benchi la ufundi, kwa hiyo mshahara wa uliyemfukuza unakula nafasi ya yule mwalimu wa safu ya mbele uliyetakiwa umwajiri. Mabosi wanajua hili, wanafukuza tu.

Jones ndiye aliyenimaliza kabisa. Alitupa kombe la 2015, hatukumaliza hata kusherehekea akakimbilia timu ya Saskatchewan. Walipomrudisha wakamkabidhi kila kitu: kocha mkuu, meneja mkuu, na ulinzi pia aupange mwenyewe. Mtu akitwanga huku anapepeta huku anapika, nani wa kumwambia chakula kimeungua? Matokeo mnayajua. Kuanzia Oktoba 2019, kabla hajarudi, mpaka Agosti 2023 akiwa ameshika usukani, tulipigwa nyumbani mara 22 mfululizo. Rekodi ya zamani ya michezo ya kulipwa Amerika Kaskazini ilikuwa ya St. Louis Browns wa besiboli, 20, mwaka 1953. Julai 29, 2023 BC Lions walikuja wakatufunga 27-0, tukaivunja rekodi ya watu waliokwishazikwa.

Na Agosti 10 mwaka ule ule dhidi ya Winnipeg! Tre Ford anaanza kwa mara ya kwanza msimu ule, tunaongoza 22-0. Tukafungwa 38-29. Uongozi kama ule unalindwa na safu ya mbele: unakimbiza mpira, unakula saa, unamkalisha mpinzani benchi mpaka misuli ipoe. Wiki ile nilisikia watu wakisema kijana hana uzoefu. Kijana ndiye alikuwa anaongoza, jamani.

Anayebisha kwamba kocha si kitu aangalie 2024. Jones anaanza 0-5, anafukuzwa Julai. Jackson anapewa timu katikati ya msimu, wachezaji kwa sehemu kubwa wale wale, anapoteza mbili za kwanza kisha anamaliza 7-6. Ungetegemea wamwache aendelee na alichoanza, sivyo? Mwezi wa nane klabu ikauzwa kwa Larry Thompson, iliyokuwa ya jamii ikawa ya mtu mmoja, akamleta Hervey awe meneja mkuu, Hervey akamleta Kilam. Sina ugomvi na Kilam, alifundisha timu ya Calgary karibu miaka 20 na hukai mahali hivyo ukiwa mbumbumbu. Ila tukaanza tena moja. Ford akaanza msimu akiwa namba moja, katikati wakamtoa, wakamweka Fajardo, na vijiweni wakashangilia kana kwamba dawa imepatikana. 7-11. Vile vile kama mwaka uliopita, pointi kwa pointi.

Tayari nimeshaona watu wanaanza kutaja majina ya makwotabeki wa kusajili. Sawa. Atakayekuja hapa chini kuniandikia kwamba tununue kwotabeki mwingine, kwanza anitajie wale watano waliokuwa wakisimama mbele ya Fajardo. Bila kugugo.