MJADALA: Lions walikuwa na haki ya kumdai Calvin Johnson arudishe pesa ya kusaini?

Wakuu kwema? Leo naleta mada ya ule mpira wa Kimarekani, ule wa yai. Najua wengi wetu ni Simba na Yanga ila wapo wachache tunaoufuatilia, na mimi mwenyewe ulinishika kwa sababu ya kijinga tu, ile Alhamisi yao ya sikukuu ya Shukrani mwezi wa 11 Detroit Lions wanacheza kila mwaka nyumbani kwao na kwa saa zetu inaanza kama saa mbili na nusu au saa tatu usiku, yaani muda wa binadamu. Mechi zao zile za usiku wa kwao unakesha kama mlinzi.

Sasa ubishi wenyewe. Machi 2016 Calvin Johnson, risiva wa Lions, yule waliyembatiza Megatron, alitangaza kustaafu akiwa na miaka 30. Mkataba aliosaini 2012 ulikuwa wa miaka 8, dola milioni 132, kwa hiyo ulikuwa bado una miaka. Klabu ikamwambia sawa nenda, ila sehemu ya pesa ya kusaini rudisha. Akarudisha, magazeti ya Detroit yakataja dola milioni 1.6. Jamaa akanuna, hakutaka mambo na klabu miaka kibao. Mshikaji wangu mmoja yupo Michigan tumebishana hii kitu wiki nzima, yeye anasema klabu ilikuwa sahihi kabisa, mkataba ni mkataba. Mi nasema ile ilikuwa roho ya kwanini tu.

Kwa wasioujua huu mchezo, risiva ni yule anayechomoka mbio, kwotabeki (mrushaji wa timu) anamrushia mpira, anauruka juu anaudaka, na mabeki wanamsubiri atue wampasue. Kazi yake ndo hiyo, kudaka huku unajua unapigwa. Calvin ana urefu wa kama mita 1.96 na kilo mia na ushee halafu mbio kama mkimbiaji wa mita 100. Alitoka chuo cha Georgia Tech, akachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya 2007, ile zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Mwaka wake wa pili tu, 2008, Lions wakapigwa mechi zote 16. Zote, bila hata sare ya kuzugia. Na msimu huo huo yeye kafunga tachidauni 12 (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la kufungia la wapinzani, pointi 6).

Hapo ndo naanzia mimi. Huyu mtu hajawahi kupewa timu.

2010 mechi ya kwanza na Chicago Bears, Lions wako nyuma 19-14, zimebaki sekunde chache, mpira unarushwa kwenye kona ya eneo la kufungia, Calvin anapanda juu ya kichwa cha beki anaudaka, anatua miguu miwili, anakaa chini, mpira kaushika kwa mkono mmoja, anapojiinua anauweka chini kwa mkono huo huo, ukamtoka. Anaondoka anashangilia. Marefa wakasema hapana, hujamaliza tendo la kudaka. Jamani kamaliza mpaka kakaa! Mechi ikaisha hivyo, na kanuni yenyewe ikaja kubadilishwa 2018, yeye kashastaafu. Nikiiangalia ile klipu mpaka leo nasikia hasira na wala mi sio mtu wa Detroit.

Halafu 2012. Rekodi ya yadi nyingi za kupokea katika msimu (umbali timu inaosogea mbele kwa mipira anayodaka risiva) ilikuwa ya risiva gwiji Jerry Rice, 1,848, toka 1995. Calvin akaivunja mwezi wa 12 kwenye mechi na Atlanta, akaenda pembeni ya uwanja akampa baba yake ule mpira. Msimu akaumaliza na yadi 1,964. Hata risiva mwingine, Cooper Kupp, 2021 alicheza mechi 17 badala ya 16 akaishia 1,947. Sasa uliza Lions walimaliza vipi msimu huo wa rekodi: ushindi 4, vipigo 12. Hata siku ya Atlanta yenyewe walifungwa. Mzee wa watu amesimama kashika mpira wa historia na ubaoni mwanae kapigwa.

Mwaka uliofuata kawapiga Dallas yadi 329 mechi moja. Playoff, yaani mechi za mtoano baada ya msimu, miaka yote 9 kacheza mechi 2 tu, zote wakatoka, na moja kati ya hizo, ile ya New Orleans, alikuwa na yadi 211 peke yake.

Tuje kwenye mwili. Vidole vimeteguka na kurudishwa, goti, kifundo cha mguu. 2016 akahojiwa na ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, akasema alipoanza ligi dawa za maumivu zilikuwa zinatolewa kama pipi. Baadaye akasema wazi kuwa baada ya mechi alikuwa anavuta bangi ili maumivu yatulie, na sasa hivi hiyo ndo biashara yake, ana kampuni ya bangi huko Michigan na mchezaji mwenzake wa zamani, halali kabisa kwa sheria za jimbo. (Wale wa kucheka chekeni tuendelee.)

Hoja ya mshikaji wangu nzito kuliko zote ni hii: Alhamisi ya Shukrani 2015 Calvin aliwapiga Philadelphia tachidauni 3, msimu kamaliza na yadi 1,214, sasa mtu wa hivyo utasema kaisha? Kaondoka akiwa bado anaweza, kawaacha wenzake solemba, na kashachukua zaidi ya dola milioni 100 maisha yake yote pale. Pesa ya kusaini unapewa mapema kwa ajili ya miaka yote ya mkataba, ukikatisha klabu ina haki ya kudai ile ya miaka ambayo hujaitumikia. Sisi tuliozoea masakata ya usajili hilo tunalielewa vizuri, na kwa karatasi sina cha kumbishia, alisaini mwenyewe hakushikiwa bunduki.

Ila sasa wakuu, kuwa na haki ya kudai na kudai ni vitu viwili. Upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo mbona hausemwi? Mkataba wa NFL, yaani hiyo ligi yao, sehemu kubwa haina dhamana, mchezaji akichoka klabu inamkata katikati na hela za miaka iliyobaki zinayeyuka, na hapo hakuna anayelia kuhusu kuheshimu mkataba. Na Lions kumpoteza Calvin kulikuwa na nafuu yake, angebaki mwaka ule angekula zaidi ya dola milioni 20 kwenye kikomo chao cha mishahara, ile jumla ambayo klabu hairuhusiwi kuivuka. Yaani anakuachia nafasi ya mishahara, halafu bado unamfuata getini na risiti.

Mfano mwingine huu hapa. 2019 Andrew Luck, kwotabeki wa Indianapolis, kastaafu mwezi wa 8, wiki mbili kabla ya ligi, miaka 29, kisa majeraha. Colts walikuwa na haki ya kumdai kama dola milioni 24.8. Wakamwachia zote. Mkataba ni mkataba kule pia, au vipi? Na Detroit sio mara ya kwanza, mkimbiaji wao gwiji Barry Sanders alipostaafu 1999 waligombana naye mpaka kwa msuluhishi kuhusu bonasi, akaambiwa alipe. Klabu moja, magwiji wawili wakubwa wa zama zake, na wote wawili unawasindikiza kwa madai.

Nikamwambia hivyo jamaa akahamia hoja nyingine, eti miaka 9 midogo, sijui Rice kacheza misimu 20. Hilo halina hata haja ya kubishana, 2021 wamemuingiza jumba la magwiji kule Canton mara ya kwanza tu jina lake linapigiwa kura.

Klabu yenyewe nayo iliona aibu naona, maana walikuja na mpango wa kumrudishia ila afanye shughuli za klabu, ahudhurie hiki na kile. Yeye akakataa, alitaka irudi bila masharti, na hapo nilimwelewa, hela yako mwenyewe uirudishiwe kama kibarua! Mwisho wakapatana, Septemba 2024 wakamweka kwenye orodha ya magwiji wao pale Ford Field, mechi ya Jumatatu usiku na Seattle, uwanja umesimama wote. Na timu wakati huo imekuwa timu kweli, Januari ya mwaka huo huo walikuwa wameshinda playoff ya kwanza toka 1992.

Uwanja wenu wakuu. Wanaosema Lions walikuwa sahihi waje, ila naomba mtu aanze kwanza kunijibu la Luck, sio kuniletea habari ya "ana hela nyingi". Mshikaji wa Michigan najua unasoma, njoo na wewe.